Ramani ya nyumba iliyochorwa kwa ajili ya theluji: je, paa lake litatufaa huku Mtwara?

#1 Mwana wa Shangani

Wakuu, salaam. Ninajenga nyumba ya familia Naliendele na kuta zimekwisha kufika usawa wa linta (ule ukanda wa zege wa juu ya milango na madirisha). Ramani niliinunua mtandaoni kwa mchoraji wa nje ya nchi kwa sababu niliipenda sura yake, na sikusoma maandishi madogo yaliyo pembeni mwa kurasa. Wiki iliyopita fundi wangu alinionyesha kwamba ukurasa wa paa unasema paa limekokotolewa kubeba theluji ya kilonyutoni 1.5 kwa mita ya mraba, kwamba kenchi, yaani zile fremu za mbao zinazobeba paa, zikae kila baada ya sentimita 60, kwamba ndani ya gata, mfereji wa maji ya paa, ipite kebo ya kupasha joto, na kwamba chini ya zege la njia ya gari yatandazwe mabomba ya maji ya moto ya kuyeyushia theluji.

Fundi anataka kuondoa nusu ya kenchi, kwa hoja kwamba theluji haitaanguka Naliendele hata wajukuu wangu wakizeeka. Mimi naona vingine. Nakumbuka hofu tuliyokuwa nayo Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja upande wetu kabla ya kutua Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma. Tangu siku ile nikilala namsikiliza upepo kwenye bati. Dai langu ni hili: paa lenye nguvu ya kubeba theluji haliwezi kushindwa na upepo, kwa hiyo tuondoe mifumo ya joto na tuache mbao zote zilivyochorwa. Je, niko sahihi, au nitakuwa nimenunua mbao za bure?

#2 Kijana wa Chuno

Mleta mada, kabla wataalamu hawajafika, naomba mtu atueleze kilonyutoni 1.5 kwa mita ya mraba ni uzito gani kwa hesabu ya dukani. Wengine tulisoma fizikia zamani na hatujakutana nayo tena.

#3 Mhandisi Ligula

Kijana wa Chuno, kilonyutoni moja ni uzito wa takribani kilo 100. Kwa hiyo ramani hiyo inasema kila mita moja ya mraba ibebe takribani kilo 150, yaani mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50 iliyolazwa bega kwa bega, na mita inayofuata mitatu mingine, hadi paa lote liishe. Kwa upande wetu bati lenyewe halifiki hata kilo tano kwa mita ya mraba. Ndiyo maana mtu wa kwetu akiona kenchi za nchi za baridi hudhani mchoraji amekosea.

Sasa nije kwenye dai la mleta mada, kwa sababu nimelisikia kwa wateja wengi na linanitia wasiwasi. Theluji hukandamiza. Upepo mkali, hasa kwenye paa lenye mwinuko mdogo, hunyonya paa kuelekea juu. Chukua upepo wa mita 40 kwa sekunde, yaani kilomita 144 kwa saa: shinikizo lake linakaribia kilonyutoni moja kwa mita ya mraba, na kwenye pembe na kingo za paa mnyonyo unaweza kuzidi hapo maradufu. Kenchi iliyokokotolewa kubeba kilo 150 kwenda chini haina ahadi yoyote kuhusu kilo 100 za kwenda juu.

Jambo lenyewe liko ndani ya mbao. Theluji ikikandamiza, ubao wa chini wa kenchi huvutwa kama kamba, na kamba haipindi. Upepo ukinyonya, kazi hugeuka: ubao ule ule hubanwa kutoka ncha zake mbili, na ubao mrefu mwembamba usioshikiliwa pembeni hupinda na kuvunjika. Vivyo hivyo viungo. Msumari uliopigwa kutoka juu kuizuia kenchi isiteleze hautaizuia isinyanyuke. Kwa hiyo, mleta mada, mbao zako si za bure, lakini hazikununulii unachodhani zimekununulia.

Nina swali pia. Hiyo 1.5 ni ya ardhini au ya paani? Ni namba mbili tofauti.

#4 Fundi wa Ng'apa

Nimesoma andiko la #3 kwa makini, na namheshimu mhandisi, lakini naona ameruka kitu ambacho sisi tunaopanda juu tunakiona kwa macho. Nimeezeka Lindi na Mtama kwa zaidi ya miaka ishirini. Paa linapong'oka, mara nyingi haling'oki kwa sababu kenchi imevunjika. Huanza bati kuchomoka kwenye papi, zile mbao za kupigilia bati zinazolala juu ya kenchi, au papi kuchomoka kwenye kenchi, na upepo ukishapata mdomo wa kuingilia, kazi imekwisha. Kenchi zikiwa kila sentimita 60, papi inashikwa mahali pengi zaidi kuliko kenchi zikiwa kila mita moja na nusu kama wengi wanavyofanya siku hizi kwa kubana matumizi. Kila mahali papi inapovuka kenchi ni mahali pa kuifunga. Hapo mleta mada amefaidika hata kama theluji hataiona maisha yake yote.

Uzito nao ni kitu. Paa zito ni gumu kunyanyua kuliko paa jepesi. Namwomba mhandisi anijibu hilo bila kunirudisha kwenye karatasi.

#5 Mwana wa Newala, Tampere

Habari za nyumbani. Nimeishi Finland miaka kumi na mmoja na nimefanya kazi kwenye kampuni ya kutunza majengo, kazi ambayo wakati wa baridi maana yake kubwa ni kupanda mapaani na koleo. Naomba nieleze theluji ni mzigo wa namna gani, kwa sababu nikisoma uzi huu naona tunaizungumzia kama vile ni mchanga wa mtoni, ambao uzito wake ni ule ule kila siku.

Theluji iliyoanguka leo asubuhi ni nyepesi mno: mita moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo 50 hadi 100 tu, na unaitupa kwa koleo kama pamba. Ikikaa wiki kadhaa hujishindilia na kufika kilo 200 au 300. Ikipata mvua au jua la mwisho wa majira hunywa maji kama sifongo na kupita kilo 400. Kimo kile kile cha nusu mita juu ya paa, ambacho mwanzoni kilikuwa kilo 40 kwa mita ya mraba, mwezi Machi kinaweza kuwa kilo 200, na mtu aliye chini haoni tofauti yoyote. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia msimamizi kwamba theluji imepungua kimo, basi tungoje. Alinipa bomba la plastiki la kukatia sampuli na mizani, akaniambia nipime kabla ya kusema. Tangu siku hiyo sipimi theluji kwa macho.

Pili, theluji haikai sawasawa. Upepo huihamisha kutoka upande mmoja wa paa na kuirundika upande mwingine, nyuma ya ukuta uliochomoza, au pale paa la chini linapoungana na ukuta wa jengo refu. Mahali pale kunaweza kuwa na mara mbili au tatu ya kilichopo kwingine.

Kuhusu swali la #3: kwa kanuni za Ulaya namba inayoanzia ni ya ardhini, na huchaguliwa ile ambayo uwezekano wa kuzidiwa katika mwaka wowote ni asilimia 2, yaani kwa wastani mara moja katika miaka 50. Ukitaka ya paani unazidisha. Kwa paa la mwinuko wa nyuzi 0 hadi 30 kizidisho ni 0.8, kisha hupungua polepole hadi sifuri kwenye nyuzi 60, kwa kuwa theluji huteleza yenyewe. Mleta mada, paa lako lina mwinuko gani?

#6 Kijana wa Chuno

Mwana wa Newala, huku tunasema ninyi wa uwandani mkiona ukungu wa asubuhi mnaona theluji, kumbe mmoja wenu ameifuata kweli. Asante kwa maelezo. Lakini kama wenzetu wana kanuni zote hizo, mbona mapaa yao yanaanguka? Nimesoma kuhusu ukumbi wa Hartford, Marekani, ulioanguka mwaka 1978 kwa theluji na kuua maelfu ya watu waliokuwa wanatazama mpira wa kikapu.

#7 Mhandisi Ligula

Hapo turekebishe. Paa la Hartford lilianguka alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978, saa chache baada ya watazamaji wapatao 5,000 kuondoka. Hakufa mtu hata mmoja. Uchunguzi ulionyesha kwamba fito za chuma za paa lile zilikuwa zinapinda tangu mwanzo kwa sababu hazikushikiliwa pembeni kama wakokotozi walivyodhani. Theluji ilikamilisha tu kosa lililokuwa limelala humo kwa miaka.

Mwaka wa huzuni zaidi ni 2006. Tarehe 2 Januari paa la uwanja wa kuteleza kwenye barafu huko Bad Reichenhall, Ujerumani, liliua watu 15, wengi wao watoto. Lilikuwa la mbao zilizogundishwa, na gundi iliyotumika haivumilii unyevu, nao uwanja wa barafu ni unyevu mtupu. Tarehe 28 ya mwezi huo huo paa la ukumbi wa maonyesho wa Katowice, Poland, liliwaangukia watu waliokuja kwenye maonyesho ya njiwa wa mashindano na kuua 65. Huko kulikuwa na theluji na barafu nyingi zisizoondolewa, na pia makosa ya usanifu.

Kwa hiyo ukiniuliza ni theluji au ni binadamu, nitasema theluji ni mkaguzi anayekuja mwaka mmoja kati ya mingi, na hakuna anayejua ni upi.

Fundi wa Ng'apa, sikukusahau. Uzito husaidia, ndiyo, lakini fanya hesabu. Kenchi na papi za mbao hata zikiwa kila sentimita 60 hazizidi sana kilo 20 au 25 kwa mita ya mraba. Upepo unataka 100. Zilizobaki lazima zishikwe na kitu, na kitu hicho ni mkanda wa chuma uliozikwa ndani ya zege la linta. Kuhusu idadi ya mahali pa kufunga papi, hapo nakukubalia moja kwa moja. Nilipaswa kulisema mwenyewe.

#8 Mwana wa Newala, Tampere

Mhandisi, kuhusu Katowice nina mawazo tofauti kidogo. Wanaofanya kazi yangu hawasemi kwanza usanifu, husema koleo. Theluji iliyoachwa juu ya paa pana wiki baada ya wiki, tena ikiwa na tabaka la barafu chini yake, ni uzembe wa mwenye jengo, na hata paa lililosanifiwa vizuri lina kikomo. Ukiwauliza wasanifu watakuambia kosa ni la mtunzaji, na ukituuliza watunzaji tutakuambia kosa ni la msanifu.

#9 Binti wa Mikindani

Wajomba zangu, mmenikumbusha jambo langu na nitaomba mnivumilie. Nyumba yangu ni ya paa la kufichwa, yale ambayo kuta zimepanda juu pande zote na bati halionekani ukiwa barabarani. Fundi aliyeijenga simtaji. Maji yote ya paa yanakusanywa kwenye gata moja ya zege nyuma ya ukuta na kutoka kwa bomba moja la inchi nne. Juu yake kuna mwembe wa jirani.

Mwaka juzi, Machi, ilinyesha usiku kucha. Majani yaliziba bomba, maji yakajaa nyuma ya ukuta kama bwawa, yakapanda juu ya bati, na saa kumi alfajiri dari ya sebule ilishuka yote pamoja na mbao mbili za kenchi. Mwanangu alikuwa amehamia kulala chumbani kwangu usiku ule kwa sababu ya radi. Nikifikiria hilo hadi leo moyo unanienda mbio.

Nimesoma hesabu za #3 na #5, nikafanya ya kwangu. Maji ya kimo cha sentimita 10 ni kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni kilonyutoni moja. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba Mtwara hakuna theluji. Nyumba zetu za paa la kufichwa zinaibeba, ila inakuja kwa saa moja, na hakuna aliyeikokotoa.

#10 Mhandisi Ligula

Pole sana, dada. Ulichoandika ni sahihi kabisa, na ningependa kila anayechora paa la kufichwa akisome. Kanuni za theluji zinamtaka msanifu aangalie mrundikano nyuma ya kuta zilizopanda juu ya paa. Kwetu mahali pale pale ndipo maji hutuama. Weka tundu la ziada ukutani, juu kidogo ya usawa wa gata, ili bomba likiziba maji yapate njia nyingine. Ukiona maji yanatoka kwenye tundu hilo, ujue bomba limeziba.

#11 Fundi Baridi

Nimefuatilia uzi tangu mwanzo na nimeona watu wanazipuuza zile kebo za joto. Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi hapa Mtwara mjini, na nawaambia kwamba kebo hizo tunazo. Mlango wa chumba cha kugandishia samaki una waya wa joto ndani ya fremu. Ukikatika, unyevu wa hewa yetu ya pwani huganda kwenye mpira wa mlango na asubuhi mlango haufunguki. Chini ya sakafu ya vyumba vikubwa vya kugandishia huwekwa pia joto, la waya au la mabomba, ili udongo usigande na kuinua zege. Mwanafunzi wangu wa kwanza alinicheka nilipomwambia tunapasha joto chumba cha baridi.

Sasa tuuhesabu ule mfumo wa njia ya gari. Ili kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri iwe maji, inahitaji kilojuli 334. Theluji mpya ya kimo cha sentimita 10, kwa uzani alioutaja ndugu wa Tampere, inafika hadi kilo 10 kwa mita ya mraba, yaani kilojuli 3,340, ambazo ni karibu uniti moja ya umeme kwa kila mita. Njia ya gari ya mita za mraba 100 inakula zaidi ya uniti 90 kwa theluji ya siku moja, na hapo sijahesabu joto linalopotelea hewani na ardhini. Mikeka ya umeme ya kazi hiyo huwa ya wati 250 hadi 300 kwa mita ya mraba, kwa hiyo njia yako peke yake ingehitaji kilowati 25 au 30. Ndiyo maana wenye maeneo makubwa hutumia mabomba yenye maji yaliyochanganywa na glaikoli yasigande, na joto hulipata mahali linakopotea bure. Mji wa Holland, Michigan, tangu 1988 umekuwa ukipasha joto mitaa yake ya katikati kwa maji yanayotoka kupooza mtambo wa umeme. Reykjavik, Iceland, hutumia maji ya jotoardhi yaliyokwisha kupasha nyumba joto.

Mleta mada, ukifunga kebo hiyo Naliendele haitawaka kamwe. Kihisi chake hungoja vitu viwili kwa pamoja, unyevu na baridi inayokaribia kuganda. Unyevu utaupata tele.

#12 Mwana wa Newala, Tampere

Fundi Baridi amenena vyema, ila kebo ya gata haikuwekwa kwa ajili ya kuyeyusha paa zima. Joto la ndani ya nyumba hupenya darini na kuyeyusha theluji iliyogusa bati. Maji hushuka hadi ukingoni, ambako hakuna joto chini yake, na hapo huganda tena. Siku baada ya siku linajengeka tuta la barafu, maji yanayofuata yanazuiliwa nyuma yake na kuingia chini ya vigae. Kebo hufungua njia tu ili maji yatoke. Hapa wengi hupinga hata hiyo, wakisema dawa ya kweli ni kuzuia joto lisipande darini na kupitisha hewa baridi chini ya paa. Mabishano hayo nimeyasikia kila mwaka na sijaona upande ulioshinda.

#13 Msafiri wa Mtama

Nami niliwahi kupata mafunzo ya miezi kumi mkoani Niigata, Japani, na huko Nagaoka niliona namna nyingine kabisa. Katikati ya barabara kuna mabomba yenye vitundu vinavyorusha maji ya kisima juu ya lami. Maji ya chini ya ardhi huko yana joto la nyuzi kama 13, na hilo linatosha kuyeyusha. Hakuna moto, hakuna glaikoli. Barabara nyingi zimekuwa na rangi ya kutu kwa sababu ya chuma kilicho ndani ya maji. Lakini walivuta maji mengi hadi ardhi ya baadhi ya maeneo ikaanza kutitia, na sasa uchimbaji unadhibitiwa.

Kuhusu mwinuko wa paa, nenda Shirakawa, huko huko Japani. Nyumba zao za kale zimeezekwa kwa nyasi na mapaa yake yamesimama karibu nyuzi 60. Nilipoziona niliwaza makuti yetu. Wenyeji waliniambia mwinuko ule ni kwa ajili ya theluji; mwingine akaniambia ni kwa ajili ya mvua, kwa kuwa nyasi zisipokuwa na mwinuko huoza; na wa tatu akasema walihitaji nafasi ya darini kufugia viwavi wa hariri. Babu yangu angekuambia sababu ya pili bila kuiona Japani.

#14 Mwalimu Mstaafu, Masasi

Hamjambo wanangu. Mmetaja Finland na Japani, nami nawakumbusha kwamba theluji ya kwetu iko Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari. Mmisionari Mjerumani Rebmann aliiona mwaka 1848, na alipoandika habari zake mabingwa wa jiografia huko London walimkatalia kwa miaka, ilhali kiongozi wake wa safari alikuwa na neno lake tayari: aliuita weupe ule "baridi". Barafu ile inaisha sasa kwa joto, na haitakuwapo wajukuu wenu wakikua.

Kuhusu vimbunga, msidhani ni jambo la juzi. Sisi wazee tulisimuliwa kimbunga cha mwaka 1952 kilichoipiga Mtwara.

#15 Fundi wa Ng'apa

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, kile cha Aprili 1952 kilipiga Lindi. Marehemu baba yangu alikuwa kijana, na alisema mapaa ya makuti yalikwenda yote, ila mapaa ya bati ndiyo yaliyoumiza watu, maana bati likiruka ni panga. Tangu hapo yeye hakuezeka bati bila kukunja msumari kwa ndani.

#16 Fundi Baridi

Marahaba nawaachia wakubwa, nami nasema shikamoo mwalimu. Naongeza kwamba barafu ya Kibo haiishi kwa kuyeyuka peke yake. Sehemu kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, kwa kuwa hewa ya kule ni kavu na jua ni kali, na theluji mpya inayoanguka ni kidogo. Hata ndani ya friza utaona barafu ya zamani imesinyaa bila tone la maji.

#17 Mwana wa Shangani

Nawashukuru nyote. Nimerudi kwenye ramani na rula. Namba ya 1.5 imeandikwa kuwa ni ya ardhini, na mwinuko wa paa ni nyuzi 40. Kwa kanuni ya #5, kizidisho kinakuwa 0.53, kwa hiyo paani inabaki kilonyutoni 0.8 tu, yaani mifuko ya saruji isiyofika miwili badala ya mitatu. Kumbe hata nguvu niliyokuwa najivunia ni karibu nusu ya niliyoihesabu.

Kebo na mabomba nimeyafuta. Kenchi zote naziacha, si kwa hoja yangu ya mwanzo, bali kwa hoja ya papi ya Fundi wa Ng'apa. Swali lililobaki ni mwinuko. Fundi wangu anasema nyuzi 40 ni ukuta wa kuzuia upepo, na anataka kushusha hadi 15.

#18 Mhandisi Ligula

Asishushe hadi 15. Paa la mwinuko mdogo ndilo linalonyonywa vibaya zaidi, kwa kuwa upepo hupita juu yake kama kwenye bawa la ndege. Kwenye nyuzi 30 na kuendelea upande unaokabili upepo husukumwa badala ya kunyonywa. Kama ungeniuliza, ningechagua nyuzi 30, paa la pande nne, ukingo usiochomoza sana, na paa la baraza lijitegemee ili likienda lisiondoke na nyumba.

#19 Fundi wa Ng'apa

Nyuzi 30 kwa pande nne nakubali. Nyuzi 40 zinakula bati nyingi na zinabeba upepo mwingi ubavuni, na ukuta wa tofali usio na nguzo ndio utakaoulipia. Lakini mhandisi, wewe unazungumzia mkanda wa chuma ndani ya linta, na mleta mada amesema kuta zimefika usawa wa linta. Kama zege limekwisha kumwagwa, mkanda atauzika wapi?

#20 Mwana wa Shangani

Upande wa mbele limemwagwa. Pande tatu bado, nondo zimefungwa tu. Nimempigia fundi asimwage chochote kesho hadi nifike.

#21 Binti wa Mikindani

Mjomba, wahi mapema, mafundi huanza kabla jua halijachomoza. Mimi leo nimemwita kijana atoboe ule ukuta wa gata nilipoelekezwa na #10. Kabla hajaanza alitoa ndoo mbili za majani ya mwembe, na mvua za mwaka huu hazijaanza bado.